Familia nzima tunatembea Bunju hadi Bagamoyo mwezi wa nane kuchangia watoto wa moyo. Mliowahi kutembea mwendo mrefu, njooni hapa

Shangazi wa Tegeta (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wahitimu wa sekondari niliyosoma wameandaa matembezi ya hisani ya siku moja, kutoka Bunju hadi Bagamoyo mjini, kilomita thelathini na ushei. Inachangwa hela ya matibabu ya watoto waliozaliwa na tundu kwenye moyo na matatizo mengine ya aina hiyo, ambao wazazi wao hawana bima. Michango inaingia hospitali moja kwa moja kwa namba ya malipo ya serikali, haipiti kwenye simu ya mtu yeyote. Nalisema mapema maana nawajua humu ndani.

Nilijiandikisha peke yangu. Jumapili nikalitaja mezani, na kabla sahani hazijaondolewa tukawa sita. Mama yangu ana miaka 63 na anameza dawa za presha kila asubuhi. Anasema akiwa binti kule Lushoto alipandisha milima na mzigo wa kuni kichwani, sasa hiyo lami iliyonyooka itamfanya nini. Baba Mdogo ni mstaafu wa jeshi, yeye alishaanza kugawa vyeo. Wifi yangu hata dukani anaita bodaboda, lakini hakutaka kubaki. Kijana wangu wa kidato cha tatu amekubali kwa sharti asivue spika za masikioni. Wa sita ni kitinda mimba wa darasa la nne, ambaye hakuulizwa, ila amelia mpaka ameandikwa. Mume wangu katangaza kuwa yeye ni dereva wa gari la maji na mjadala umefungwa.

Jumamosi tukajaribu Tegeta hadi Bunju. Baba Mdogo alifika akaagiza chai, akaimaliza, akaagiza nyingine, sisi wengine tuko Boko. Kijana alikuwa katikati huko na muziki wake. Mama na wifi walikuja nyuma kabisa, wamenuniana, kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyemchelewesha. Tulitoka nyumbani familia moja, tukafika familia nne.

Sasa naomba mnisaidie. Watu wa umri tofauti namna hii wanafanya mazoezi vipi pamoja? Mama na presha yake aende au nimzuie? Na viatu, maana wifi ameshaanza kuchuna ngozi kisigino.

Njugu Mawe

Nimeweka kiti mbele kabisa, nasubiri wajuzi.

Utingo Mstaafu

Dada, kabla ya viatu tuongelee barabara, maana hiyo njia nimeipita miaka mingi nikiwa juu ya lori.

Tembeeni upande wa kulia, magari yaje mbele ya macho yenu. Watu wengi wanatembea kushoto kwa mazoea, gari linawajia mgongoni na hawana habari. Daladala za Bunju zikigombania abiria zinatoka nje ya mstari mweupe bila kuuliza, na bodaboda wanakuja kinyume pembezoni mwa lami, kwa hiyo hata huo upande wa kulia usijiachie. Tembeeni mmoja nyuma ya mwingine. Mkishavuka Mto Mpiji mkaingia Mkoa wa Pwani, magari yanaongeza mwendo, hapo ndipo watu wanapoanza kuchoka na kutembea ubavu kwa ubavu wakipiga soga.

Mkianza na giza, vizibao vya reflekta kwa kila mtu, na wa mwisho kwenye mstari awe na tochi. Na huyo kijana spika zitoke. Muziki asikilize akifika Bagamoyo.

Halafu muulize kamati kama polisi wa usalama barabarani wameshapewa taarifa kwa maandishi. Msafara wa watu barabarani bila taarifa unaweza kurudishwa hapohapo Bunju.

Kipupwe

Shangazi, hiyo habari ya chai mbili ndiyo uzi wenyewe, hayo mengine ni nyongeza.

Mimi hutembea na kikundi cha watu wa makamo, na ugomvi wenu tumeupitia. Angalia kinachotokea: mwenye kasi anatangulia, anakaa, anapumzika dakika ishirini. Mwenye mwendo mdogo anafika anahema, na mwenye kasi anasimama na kusema "haya twende". Kwa hiyo aliyechoka zaidi ndiye asiyepumzika kabisa. Ukirudia hivyo vituo vitano, mama yako ataacha, na mtasema ni umri. Si umri, ni mpango mbovu.

Tiba yake ni moja. Mwenye mwendo mdogo kuliko wote anatembea wa kwanza, na hakuna ruhusa ya kumpita. Muda wa kupumzika unaanza kuhesabiwa anapokaa YEYE. Baba Mdogo mweke wa mwisho kabisa, mwambie jeshini mkia wa msafara hupewa mtu mwenye uzoefu. Atakubali, wanajeshi wanapenda kazi yenye jina.

Mtu mzima wa kawaida anakwenda kilomita nne na nusu hadi tano kwa saa. Kwa mama weka nne. Ukiweka na mapumziko, hiyo safari ni kama saa kumi. Mkitoka saa kumi na moja alfajiri mnafika saa tisa mchana, mkiwa mmekula jua kali la kuanzia saa nne. Mwezi wa nane una afadhali, kipupwe bado kipo na hakuna mvua. Mngefanya mwezi wa pili ningewaambia mwache.

Mazoezi: siku moja ya mwisho wa wiki iwe ya mwendo mrefu, na siku mbili tatu katikati muda wa saa moja tu baada ya kazi. Huo mrefu uongezeni kidogo kidogo, kama sehemu ya kumi kila wiki, na baada ya wiki tatu, wiki ya nne mpunguze ili miguu ipone. Hamhitaji kutembea thelathini na tano kwenye mazoezi. Mkifika ishirini na tano, wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe, inatosha, baada ya hapo mnapunguza.

Msifanyie kila kitu kwenye lami ileile. Ununio kwenda Mbweni kuna upepo wa bahari na magari machache. Maji yakipwa Kunduchi tembeeni kwenye mchanga uliolowa, unajenga vifundo. Kilima cha Wazo ni kizuri kwa pumzi ila malori ya saruji na vumbi, nendeni mapema au msiende.

Viatu nitarudi, naitwa.

Mla Mihogo

Mimi huwa sielewi haya mambo. Mtoto anahitaji upasuaji. Nyie mnanunua fulana zenye nembo, katoni za maji, mnakodi gari la wagonjwa, spika kubwa na mshereheshaji. Jumlisha hiyo hela. Si mngeitoa tu mkabaki nyumbani mmelala? Mtoto wa moyo anafaidika nini wewe ukichubuka kisigino?

Shangazi wa Tegeta

Mla Mihogo, swali zuri ila umeliuliza kwa kiburi.

Familia yetu tukichanga bila kutembea tungetoa laki na kidogo, basi. Mama amewaambia wenzake wa VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, nao wakaahidi kila mmoja shilingi mia tano kwa kila kilomita atakayoimaliza. Wako zaidi ya ishirini. Piga hesabu. Wale kina mama kadi ya mchango ukiwapelekea wanaiweka chini ya kitambaa cha meza pamoja na za harusi na sendofu. Lakini hii wanaifuatilia, jioni wanapiga simu kumuuliza kama ametembea leo. Mmoja alimkuta amepanda bajaji ya kwenda sokoni akamshusha.

Kuhusu fulana nakubaliana na wewe asilimia mia. Nimeandika kwenye kundi la kamati kwamba mwenye fulana yoyote nyeupe avae hiyo. Nimejibiwa kwa emoji.

Wanjala wa Kitale

Hamjambo majirani. Huku Kenya tuko na Mater Heart Run, Nairobi, kilomita kumi, pesa zinaenda kwa upasuaji wa moyo wa watoto. Hiyo tisheti anayoisema bwana wa mihogo ndiyo tiketi yenyewe: unainunua, unaivaa, umechangia. Utaona familia nzima na nyanya yao, wengine wanasukuma watoto kwa vigari. Nusu yao hawakimbii, wanatembea na kupiga stori. Kwa hivyo tisheti inaweza kuleta pesa, mradi iuzwe, isigawiwe bure kwa wageni waalikwa.

Lakini kumi ni kumi. Thelathini na tano mama wa presha? Muone daktari kwanza.

Mtu wa Reading

Naandika kutoka Uingereza. Huku mtu anafungua ukurasa wake wa JustGiving, tovuti ya michango, anautuma kwa wafanyakazi wenzake, kila mmoja anaweka pauni tano, kumi. Na mchangiaji akiwa mlipa kodi, serikali inaongeza pensi 25 kwenye kila pauni anayotoa. Watu wanatembea kwa kila namna. Kuna MoonWalk ya London, wanatembea usiku umbali wa marathoni nzima, wanawake na wanaume, wamevaa sidiria zilizorembwa, kuchangia mapambano ya saratani ya matiti. Mara ya kwanza kuwaona nilirudi ndani nikafunga mlango.

Nilichojifunza: anayechanga hanunui matembezi yako, anakununua wewe unayejitesa. Ndiyo maana matembezi ya mama yanalipa kuliko yako, Shangazi. Mtu wa miaka 63 akisema ametembea kumi leo, huwezi kumnyima.

Mla Mihogo

Sidiria. Haya, naendelea kusoma.

Mganga Mfawidhi

Nipo kituo cha afya, naomba nijibu la presha.

Presha iliyodhibitiwa haimzuii mtu kutembea. Kutembea ni sehemu ya tiba. Presha isiyodhibitiwa ndiyo inazuia. Aende kliniki yake na kitabu chake, apimwe, aeleze mpango wote, hasa jua na masaa. Sababu ni hii: baadhi ya dawa za presha ni za kutoa maji mwilini. Mtu akimeza ya kutoa maji, akatokwa jasho saa nne, akasimama ghafla kutoka kwenye kiti, anaanguka. Daktari wake anaweza kupanga muda wa kuimeza siku hiyo. Asijipangie mwenyewe, na asiache dawa "ili asikojoe njiani". Nimewaona wengi.

Kama anatumia amlodipini, huwa inavimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Viatu ajaribu jioni, si asubuhi.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni msizimeze kama karanga kwenye mazoezi. Kwa mwenye presha, akiwa na upungufu wa maji, zinaumiza figo.

Maji: mnywe mkihisi kiu, kidogo kidogo. Msishindane kumaliza chupa. Anayekunywa maji matupu lita kwa lita huku anatoka jasho anashusha chumvi ya damu. Kichwa kinamuuma, anatapika, anachanganyikiwa, na wenzake wanamwongezea maji wakidhani ana kiu. Bebeni ORS, ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji na chumvi mwilini. Mkikosa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vya kusawazisha, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Msiongeze chumvi "ili iwe na nguvu".

Mtu akiwa na ngozi ya moto na anaongea ovyo, hata kama bado anatoka jasho: kivulini, mmwagieni maji mwilini, pepea, hospitali. Matembezi yameisha kwake.

Kipupwe

Nimerudi. Viatu.

Lengelenge linaletwa na vitu viwili, msuguano na unyevu. Ukiondoa kimojawapo umeshinda. Soksi za pamba tupu zinakunywa jasho na kubaki nalo, tafuta zenye mchanganyiko wa nailoni au poliesta. Kiatu kiwe kikubwa kidogo, kidole gumba mbele kibaki na nafasi ya upana wa kidole, maana mguu unavimba ukitembea muda mrefu. Kucha zikatwe siku mbili tatu kabla, si usiku wa kuamkia. Mafuta mgando kwenye visigino na katikati ya vidole. Wanene wenzangu, na mapajani pia, na kwapani. Msione aibu, kilomita ya ishirini haina aibu.

Kiatu kipya siku ya matembezi ni marufuku. Na wifi akihisi sehemu inapata moto asimame HAPO HAPO abandike plasta. Wengi wanasubiri kituo kinachofuata, wanafika wameshatoboka.

Bibi Harusi wa Zamani

Na darasa la nne jamani? Mbona mmemruka mtoto?

Kipupwe

Mtoto aingie kilomita tano za mwisho. Awasubiri ndani ya gari la baba yake, ashuke, aingie Bagamoyo na wenzake. Atasimulia shuleni kuwa ametembea yote, na hakuna wa kumbishia.

Shangazi wa Tegeta

Mrejesho, mwezi wa sita.

Mstari tumeupanga. Mama mbele. Wakuu, sikujua mama yangu anapenda kuongoza kiasi hiki. Anaweka mwendo, anasimamisha msafara kwa kuinua mkono, anakaa kwenye benchi la muuza miwa anasema "hesabuni". Wifi yuko nyuma yake na wamepatana, wana mada zao ambazo sisi wa nyuma haturuhusiwi kuzisikia. Kijana amevua spika kwa sababu anataka kuzisikia hizo mada. Kliniki mama alipimwa, presha iko vizuri, daktari kampangia muda wa dawa na kamwambia aende.

Lakini kuna kitu kimenitatiza. Jana tumefika Mapinga na kurudi hadi Bunju. Baba Mdogo alivua kiatu nyumbani, soksi imelowa damu. Chini ya unyayo, pale nyuma ya vidole panapobeba uzito, lengelenge kubwa kama sarafu ya mia mbili, limepasuka, linaonekana limekaa muda. Nikamuuliza mbona hukusema? Anasema hakusikia chochote. Mama akasema jeshi limemkomaza, wote wakacheka. Nimempaka iodini. Kuna dawa nyingine ya kuharakisha?

Njugu Mawe

Wanajeshi hao, chuma.

Mganga Mfawidhi

Shangazi, soma hii leo usisubiri kesho.

Lengelenge la ukubwa huo, lililopasuka, lililobeba mwili mzima kilomita zote hizo, linauma. Linamuuma mwanajeshi, linamuuma kila mtu. Asiyesikia ana tatizo la mishipa ya fahamu ya mguu, na kwa mwanaume wa umri wake jambo la kwanza kulifikiria ni kisukari. Mpeleke akapime sukari kabla hajala asubuhi. Ikiwa 7.0 mmol/L kwenda juu, irudiwe siku nyingine kuthibitisha. Mwulize pia kama anaamka usiku kukojoa, kama amepungua, kama nyayo zinachoma au kufa ganzi usiku.

Mpaka hapo asitembee. Asiende hata Boko. Kidonda cha unyayo kisichouma mtu anaendelea kukikanyaga kwa sababu hakimwambii aache, na vidonda vya namna hiyo ndivyo vinavyopoteza miguu.

Utingo Mstaafu

Marehemu kaka yangu alianza hivyohivyo, msumari kwenye kandambili. Mpeleke dada.

Shangazi wa Tegeta

Tumetoka hospitali. Sukari 13 akiwa hajala, siku iliyofuata 12 na pointi. Daktari alimchoma kwa uzi mgumu wa plastiki sehemu mbalimbali za nyayo akiwa amefumba macho, akimuuliza unasikia? Sehemu kadhaa akawa anasema "bado hujaanza". Ameanzishiwa dawa, kidonda kinasafishwa kituoni, na ameambiwa mguu upumzike mpaka kifunge. Matembezi ya mwezi wa nane hayapo kwake.

Hajaongea na mtu tangu jana. Amekaa kibarazani na redio. Mganga, Mungu akubariki, na sijui niseme nini tena.

Mla Mihogo

Pole sana Shangazi. Mwambie mzee asijione mnyonge. Mwalimu Nyerere mwaka 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na nchi nzima vijana wakatembea. Tunamkumbuka Mwalimu, lakini yupo pia Seti Benjamin, kijana aliyefariki njiani mwaka huohuo akitoka Arusha kuja Dar. Kutembea kwa jambo jema hakumkingi mtu. Mwenye busara anajua pa kusimama.

Afande Mstaafu (mwanachama mpya)

Mimi ndiye Baba Mdogo. Kijana amenifungulia akaunti.

Nimesoma uzi wote kuanzia juu. Kwanza, chai ilikuwa moja na nusu. Pili, aliyesema niwekwe mkiani kwa kudanganywa na cheo, nimekuona. Tatu, Mganga, nashukuru. Nilikuwa naamka usiku mara nyingi, nikadhani ni uzee. Miguu kufa ganzi nilidhani ni buti za ujana. Nimepungua, nikafurahi.

Sitatembea. Ila sijafukuzwa kazi. Nimechukua ramani, nimepanga vituo: Mapinga, Kerege, Kiromo, na vingine viwili katikati, kwenye sheli au misikiti yenye vyoo vinavyoeleweka, kwa sababu hakuna mjumbe hata mmoja wa huu uzi aliyetaja vyoo. Wanawake watatembea saa tisa. Mlitarajia nini?

Nitakuwa kwenye gari la maji. Dereva yuko chini yangu.

Bibi Harusi wa Zamani

Afande karibu sana. Vyoo! Nilikuwa naogopa kuuliza.

Kipupwe

Samahani Afande. Nasimama wima.

Wanjala wa Kitale

Mzee amekuja na ramani, sisi tulikuwa tunapiga porojo tu.

Mtu wa Reading

Afande, swali la dhati: chakula je? Huku wanatoa vitu vya kwenye pakiti, sukari tupu.

Afande Mstaafu

Ndizi mbivu, mihogo ya kuchemsha, karanga zenye chumvi. Mayai kituo cha pili. Madafu yanauzwa njiani, ila yasitegemewe. Kashata kwa kijana. Hakuna chipsi wala soda ya baridi kabla ya kituo cha mwisho, watalala. Uji watu wanywe saa kumi alfajiri kabla ya kutoka.

Mimi mwenyewe siruhusiwi nusu ya hiyo orodha. Nimeshamkabidhi mama yao ufunguo wa boksi.

Shangazi wa Tegeta

Mrejesho wa mwisho, wakuu. Tumetembea.

Tulitoka Bunju giza bado, uji tumboni, mama mbele. Mpaka Mpiji ilikuwa kama harusi, watu wanaimba. Baada ya Kerege nyimbo zikaisha. Watu wa mbio waliotupita alfajiri kwa dharau tulianza kuwakuta wamekaa chini ya miti na viatu mkononi, na mama akawa anawasalimia mmoja mmoja kwa adabu ambayo sikuipenda. Vituo vya Afande vilikuwa vya kweli, kila choo kilikuwa kinafungika. Kuna familia zisizotufahamu kabisa zilianza kusimama tukisimama na kukaa tukikaa, mwishoni mstari wetu ulikuwa na watu kama arobaini, wote nyuma ya bibi wa miaka 63.

Wifi alibandika plasta mara ya kwanza kabla ya Mapinga, hapo hapo kama mlivyosema, na amefika bila lengelenge. Mimi ndiye nimepoteza ukucha. Kijana alichoka vibaya kuliko mama, analaumu mwendo mdogo, anasema unamchosha. Kitinda mimba alishuka kwenye gari akatembea zake tano huku anatuuliza mbona tunachechemea.

Mama kamaliza. VICOBA wamelipa, isipokuwa wawili wanaodai kilomita za ndani ya mji wa Bagamoyo hazihesabiki. Stakabadhi ya hospitali nimeibandika kwenye kundi letu, na matumizi ya kamati pia, fulana zikiwemo. Mla Mihogo, fulana zilikula hela zaidi ya maji na gari la wagonjwa kwa pamoja. Nimelisema kikaoni na sijajibiwa hata kwa emoji.

Mla Mihogo

Hiyo ya fulana iandikie barua, yenye saini za walioshiriki. Mwakani ziuzwe kama za Wanjala au zisiwepo. Hongera kwa bibi. Bagamoyo ni mji uliozoea kupokea watu wa miguu, misafara kutoka Ujiji ilimalizikia hapo, na kina Chuma na Susi, watumishi wa mpelelezi Livingstone, walifika hapo mwaka 1874 wamebeba mwili wake kutoka huko ndani. Sasa na VICOBA ya Tegeta.

Mganga Mfawidhi

Unyayo wa Afande ukoje?

Afande Mstaafu

Umefunga. Sukari asubuhi ya leo 7 na pointi mbili. Kila jioni natazama nyayo kwa kioo cha kunyolea, nimeelekezwa hivyo kliniki. Nimeruhusiwa kutembea nusu saa kwa siku nikiwa na viatu na soksi, ndani na nje ya nyumba, hata kwenda bafuni sitakiwi kukanyaga peku.

Bibi Harusi wa Zamani

Samahani kurudi nyuma. Hizo soksi za nailoni mlizipata wapi? Nilizouziwa mimi zimeandikwa hivyo lakini ni pamba tupu.

Shangazi wa Tegeta

Soko la Karume, kwenye mtumba, zile za mpira wa miguu. Nenda asubuhi wakifungua marobota. Usisome maandishi, ilowanishe kidogo ncha kwa maji ya chupa uone kama inakunywa. Halafu igeuze ndani nje uangalie mshono wa vidoleni, ukiwa mnene iache hata kama bei ni nzuri.